Msumari wa Fundi Athmani

Rukiya,

Umeniaga baada ya alasiri kwamba unakwenda Kibokoni kuonana na shangazi yako, nami namjua shangazi yako, hakuachi uondoke kabla ya kukulisha mara mbili. Kwa hivyo nina wakati mpaka magharibi. Nimetoa kiti huku nje, nimekiweka juu ya sitaha, na mbao ulizozipaka mafuta Jumamosi bado zinanuka papa. Kesho saa tatu asubuhi basi lako linaondoka kwenda Dar es Salaam, na kutoka huko boti ya Unguja, na miaka miwili ya kufunzwa kutengeneza nyumba kongwe za watu wengine.

Sitakuandikia mambo ya kufunika chakula, ya kuanika mto juani, wala ya kumpigia simu nani siku gani. Hayo shangazi yako anakwambia sasa hivi, huku akikujazia sahani. Mimi nina jambo moja, na nimelibeba miaka minane. Mara tatu wiki hii nimefungua mdomo nikuambie, na mara zote tatu nimeishia kukugombeza kwa kitu kingine. Jana ilikuwa zipu ya begi. Ulinitazama kama mtu aliyekwisha kuzoea, ukaifunga zipu. Mwanamke aliyegombana na wahariri, na madiwani, na maimamu wawili, na mwenye jumba lile la vioo aliyetaka kuvunja ukuta wa mtaa mzima, hana ulimi wa kumwambia bintiye maneno kumi. Basi naandika. Kuandika nimekuweza siku zote. Nyuma ya karatasi hakuna anayeniona uso.

Fundi Athmani hakukukataa. Mimi nilimfukuza, kisha nikakudanganya.

Hilo ndilo jambo lenyewe. Nikiliacha hapo nitakuwa nimesema kweli, lakini nitakuwa nimeisema kama mtuhumiwa anayetaka kesi iishe haraka. Acha nikueleze yote.

Sitaha hii aliitaka baba yako. Nyumba zetu za Mji wa Kale zimebanana, upepo unaingia kwa kuomba ruhusa, na yeye alitaka mahali pa kukaa nje, juu ya ua, atazame maji ya bandari ya kale bila kushuka ngazi. Mafundi wa nyumba walimwambia atie zege. Akakataa, akaenda Liwatoni kwa watu wanaounda vyombo vya baharini, akarudi na Athmani. Aliijenga kama anavyojenga sitaha ya chombo, ndiyo maana hatukuiita jina jingine: boriti chini, mbao za mvule juu, na kati ya ubao na ubao mwanya mwembamba wa kupitisha maji. Mianya yote ilikuwa sawasawa, kwa sababu aliipima kwa msumari mmoja wa shaba. Anauweka msumari kati ya mbao mbili, anasukuma ubao mpaka uuguse, anapigilia, anautoa, anakwenda mbele. Msumari huo ulikuwa umeng'aa kwa vidole vyake.

Ulikuwa na miaka minne. Miaka miwili baadaye baba yako alifariki, na kila mwaka kabla ya masika Athmani alikuja bila kuitwa. Alikuwa na desturi yake, nawe unaijua kuliko mimi. Siku ya kwanza hakushika chombo cha kazi. Alilala chali uwani, akazitazama boriti kwa muda mrefu, akizigonga kwa ufito mrefu na kusikiliza. Siku ya pili alisugua mbao kwa kumbi la nazi na maji matamu, yasiyo na chumvi. Siku ya tatu hakuja kabisa, aliziacha zikauke. Siku ya nne ndipo yalipokuja mafuta ya papa, na mtaa mzima ukajua kwamba mamako, Bi Zuhura, amepata fundi.

Ulipotimiza miaka tisa ulianza kulala uwani pembeni mwake, na wewe ukigonga. Nilicheka. Mwaka uliofuata sikucheka sana.

Nataka uelewe wivu ulivyoingia, kwa sababu haukuingia kwa mlango mkubwa. Mimi nilikuwa nimekulea peke yangu, na nilikulea kwa vitabu. Nyumba hii ina vitabu mpaka chini ya kitanda, kwa lugha tatu, na niliazimia kuwa mtoto wangu atakuwa mtu wa maneno. Nilikusomea makala zangu kabla ya kuzipeleka gazetini. Ulikuwa unakaa kwa adabu, mikono juu ya magoti, na nikifika mwisho unasema, "Nzuri, Mama." Wakati mmoja nilisoma makala niliyoihangaikia siku nane, juu ya watu wanaobomoa milango ya kuchonga na kuiuza ng'ambo. Nikainua macho. Ulikuwa umelala umekaa.

Alasiri ileile ulikaa huku juu na Athmani tangu tulipomaliza kula hadi adhana ya magharibi, akikueleza kwa nini ubao unapinda. Nilikuwa dirishani, nimeshika kalamu, siandiki. Alikuwa akisema kwamba mti hata ukikatwa bado unakunywa maji, ila haujui tena kuyatoa. Nawe ulimuuliza maswali. Maswali, Rukiya. Kumi, kumi na tano. Mimi niliyekuwa nikishinda katika mijadala ya redio, mtoto wangu hakuwahi kuniuliza swali hata moja.

Halafu nikasikia akikuita. "Mwanangu, nipa msumari."

Ukajibu, "Labee, baba."

Mimi nikikuita ulijibu "Nini?" Au hukujibu. Nilikuwa nimekwisha kujiambia kwamba watoto wa siku hizi hawaitiki labee, kwamba adabu hiyo imekufa na sisi tumeizika. Nafikiri niliwahi hata kuiandikia aya mbili. Kumbe ulikuwa unayo. Ulikuwa umeiweka mahali pengine.

Nakuambia kitu ambacho sikukiri hata kwa Mungu wangu kwa sauti: usiku nilipokusuka nywele nilinusa mafuta ya papa shingoni mwako, nikakusugua kwa kitambaa mpaka ukalia. Nilikwambia ni kwa sababu ya shule. Nilizionea wivu mbao. Nilimwonea wivu mzee mwenye kanzu iliyotoboka kiwiko, asiyejua kusoma ila Kurani, kwa sababu alikuwa na kitu ulichokitaka na mimi sikuwa nacho. Kwa mtu kama mimi hilo ni tusi. Nimezoea kupinga mtu. Sasa wivu utaupinga kwa hoja gani?

Nikatafuta hoja. Hapo ndipo ninapojionea aibu kuliko pote.

Ulikuwa na miaka kumi na minne, uko shuleni, ilikuwa siku ya pili ya kazi, siku ya kusugua. Nikatoka nikasimama pale mlangoni.

"Fundi," nikasema, "mwaka huu mianya hii ifungwe."

"Mianya gani, Mwalimu?" Aliniita hivyo kwa ajili ya vitabu vyangu.

"Hii yote. Mtu akisimama juu anaona uwani. Hii ni nyumba ya wanawake."

Akaacha kusugua. "Ni nyumba ya wanawake wawili," akasema. "Mmoja yuko huku juu nami kila siku, ameshika nyundo. Wa pili yuko ndani aandika. Huko chini nimuone nani, paka?"

"Wako majirani wanaoingia."

"Nitakuwekea turubai chini ya boriti. Wao wapate sitara, ubao upate upepo. Kazi ya asubuhi moja."

"Sitaki turubai. Nataka ifungwe."

"Nikiifunga maji yatakaa. Yakikaa, ubao waoza kutoka chini, na wewe huku juu waona wang'ara tu. Mvua mbili, Mwalimu. Ya tatu hautaiona."

"Hukuja hapa kunisomesha, Fundi. Umekuja kufanya kazi."

Akanitazama. Unajua anavyotazama, kama anavyotazama boriti. Kisha akasema polepole, "Hili si neno la mianya, Mwalimu."

Na mimi, Rukiya, mimi niliyeandika makala sijui ngapi kuwasuta watu wanaotumia sitara ya wanawake kufunga midomo na milango, nilimwambia mzee aliyemlea binti wa mtu kwa heshima miaka minane kwamba watu wanasema. Sikumaliza sentensi. Haikuhitaji kumalizwa. Hapakuwa na mtu aliyesema. Mtaa huu unasema mengi, lakini lile haukulisema. Nililitunga mimi, nimesimama pale mlangoni na kalamu sikioni.

Athmani aliweka kumbi chini. Akakusanya vitu vyake kimoja kimoja, bila kugongesha kitu. Alipofika ngazini akauliza, "Nimngoje nimuage?"

Nikasema, "Hapana haja."

Akarudi, akainama, akaweka kitu ukingoni mwa sitaha. "Mpe Rukiya," akasema, na akashuka.

Ulikuwa ni ule msumari wa shaba.

Uliporudi ulipanda ngazi mbilimbili, mkoba mgongoni. Nikakwambia kwamba Fundi amesema hana haja tena na kazi ya hapa. Ukauliza kwa nini. Ningeweza kuishia hapo. Lakini mimi ni mtu wa kushinda, siachi hoja ikiwa bado inapumua. Nikakwambia amesema amechoka kufanya kazi na mtoto miguuni.

Hukulia. Ulienda uwani ukalala chali chini ya boriti, na sare ya shule, mpaka giza likaingia. Msumari ulikuwa ndani ya kisanduku cha kalamu zangu. Nilijiambia nitakupa kesho. Umekaa humo tangu siku hiyo, na kila makala niliyoiandika miaka minane hii niliiandika nikiusukuma kando kutafuta kalamu.

Nilimwajiri fundi mwingine, wa kutoka upande wa Makupa. Simlaumu, na wewe usimlaumu. Alikuwa kijana msafi, mwenye haraka, na alifika akatazama sitaha kutoka juu, akiwa wima, akauliza nataka rangi gani. Nikasema nataka mianya ifungwe. Akasema ndiyo. Nikasema nataka ing'ae. Akasema ndiyo. Sikuuliza alikuwa ametengeneza sitaha gani kabla ya yangu, wala sikuuliza kama nilichotaka kilikuwa kizuri. Nilimwajiri kwa sababu ya zile ndiyo mbili. Maisha yangu yote nimejigamba kwamba napenda kupingwa, kwamba asiyepingwa anaoza. Nilipompata wa kunipinga katika nyumba yangu nilimtoa, nikamleta wa kunikubali, nikamwita hodari.

Sitaha ilikuwa nzuri. Ilipigwa msasa, ikajazwa gundi na unga wa mbao katika kila mwanya, ikapakwa vanishi mara tatu, ikawa kama meza ya harusi. Nikaalika watu. Wewe ulipita juu yake mara moja, pekupeku, ukasema, "Haina sauti." Sikukuelewa, na sikutaka.

Mvua ya kwanza ilipita. Mvua ya pili ulikuja ukaniambia, "Mama, ubao wa tatu na wa nne zimekufa. Nimegonga." Ulikuwa na miaka kumi na sita. Nikakuambia juu ya watu wanaotafuta kasoro kwenye kila kitu. Wiki mbili baadaye nilikuwa nimesimama papo hapo kwenye ubao wa nne, simu sikioni, nikimweleza mhariri mmoja kwa nini sitakubali kupunguza hata neno, na mguu wangu wa kulia ukazama mpaka pajani. Mhariri alisikia kelele, akadhani nimemkatia simu kwa hasira, akaichapa makala nzima. Ulicheka sana ulipoisikia hiyo. Nilicheka nami. Lakini ulipokuwa unanitoa pale, umenishika kwapani, nilitazama lile tundu nikauona ubao ulivyokuwa kwa ndani: mweusi, laini, unabomoka kama keki iliyolowa, na juu yake vanishi nzima, inang'aa bado.

Athmani alisema mvua mbili, ya tatu hautaiona. Nilikumbuka hivyo mguu ukiwa bado ndani.

Ulinikataza nisimwite fundi yeyote. Likizo yote ile uling'oa mbao moja moja, ukatenga zilizo hai na zilizokufa, ukanituma mimi Makupa, mimi mamako, kununua mvule kwa vipimo ulivyoandika kwenye karatasi, na nilipoleta ubao uliopinda ukanirudisha nao. Niliona fahari na niliona wivu pamoja, sijui kipi kilikuwa juu. Ulitafuta msumari wa kupimia mianya. Ulichukua wa chuma wa kawaida, ukaukwaruza ncha. Nilikuwa nakutazama dirishani, na wa shaba uko mita tatu kutoka mkononi mwako. Sikusimama.

Jioni ya siku ulipomaliza tulikaa hapa na chai. Ukapitisha kiganja juu ya ubao ukasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Fundi Athmani hakunipenda, lakini alinifunza."

Hiyo ndiyo sentensi iliyonitesa kuliko maneno yote niliyowahi kuambiwa na maadui zangu, nami maadui wangu wana kalamu. Nilikumiminia chai.

Sasa nikueleze ya wiki hii. Jumatatu, uliposema unakwenda kuchukua picha za pasipoti, nilivaa buibui nikaenda Liwatoni. Nilimkuta pembeni mwa mashua iliyopinduliwa, amekaa kwenye debe, anatia kalafati, pamba ya kuzuia maji, kwenye maungio ya mbao kwa vidole tu, kwa sababu macho yamepungua. Nilimwamkia. Akainua kichwa.

"Sauti hii naijua," akasema. "Hii ndiyo ile ya redioni. Karibu, Mwalimu. Leo wamgombeza nani?"

Nikasema, "Leo nimekuja kugombezwa mimi."

Akanisogezea debe jingine. Nikakaa. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, maneno mazuri, yalikuwa na utangulizi. Sikuyakumbuka. Nikamwambia nilikuwa nimemsingizia, kwamba hakuna aliyesema kitu, na kwamba wewe nilikuambia amekuchoka.

Akaendelea kushindilia pamba kwenye ufa. "Nilijua," akasema.

"Ulijuaje?"

"Nilimuona Rukiya kule ufuoni Mama Ngina, siku ya Idi, mwaka uleule. Pamejaa watu, yuwala mihogo na wenzake. Nikamwita. Akanitazama, akanipita kama mtu apitaye nguzo ya taa. Mtoto niliyemfunza mimi kushika randa hanipiti vile bure. Nikajua ameambiwa neno."

"Mbona hukumfuata ukamwambia ukweli?"

Hapo ndipo alipoacha kazi. "Nimwambie nini, Mwalimu? Kwamba mamake ni mwongo? Babake alikwisha kuzikwa. Alikuwa na mzazi mmoja. Nikutoe wewe, nimbakishie nani, mimi? Mimi si wake."

Rukiya, nilikwenda pale kuomba radhi na nilitoka na wivu mkubwa kuliko nilioingia nao. Mimi nilikupenda nikakunyang'anya mtu. Yeye alikupenda akanyamaza miaka minane, akakubali umchukie, ili ubaki na mama. Hata katika kunyamaza alinishinda, na kunyamaza ndiyo kazi ambayo sikuwahi kuijaribu.

Akauliza, "Yuwaje, lakini?"

Nikamwambia kuhusu Unguja. Nilipotaja milango, ngazi na dari za mbao, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Ulimpa msumari?" akauliza.

Nikasema la.

Akacheka kidogo, bila ubaya. "Wewe una moyo mgumu wa mvule," akasema. Nikamwomba aje nyumbani kukuaga. Akakataa. "Nyumba ile nilitolewa kwa neno baya. Sitapanda ngazi zake mpaka mtoto mwenyewe anite. Lakini mimi nipo hapa tangu jua lichomozapo."

Hayo ndiyo niliyokuja kukuambia. Nina maneno machache mengine, nayo si mawaidha, ni ya mtu aliyezama mguu.

Huko unakokwenda utakuwa wewe ndiye fundi, na watu wa kukuita watakuwa watu kama mimi. Watakukuta umelala chali chini ya boriti zao na watasema mbona huyu hajaanza kazi. Watataka ing'ae. Watakugombeza juu ya mianya, na utawaeleza mambo ya maji na upepo, na utakuwa sahihi, na hawatasikia. Athmani alinijua tangu neno la kwanza. Alijua sikuwa nagombea mianya. Mimi ningekuwa yeye ningejibu, ningeshinda, nami ningekuwa nimekupoteza siku hiyohiyo. Sijui kama ninakushauri ufanye kama yeye. Pengine angekuwa mkali kidogo tungeokoka sote. Nakwambia tu kwamba nimeishi na watu wengi wenye hoja, na nimeishi karibu na mtu mmoja aliyejua kusikiliza ubao, na leo najua nani kati yao ningemwajiri.

Na mimi nitahitaji mtu. Masika yakija wewe hutakuwepo, na mbao hizi zitataka kumbi la nazi, maji matamu na siku moja ya kuachwa zikauke. Usinitafutie. Nitakwenda kumwomba mwenyewe, nikae kwenye lile debe. Akikataa nitalala chali uwani mimi, na miaka yangu hii, majirani waje watazame kupitia mianya.

Bado naona wivu. Nataka ujue hivyo, usije ukadhani barua imeniponya. Naionea wivu Unguja, na huyo mwalimu wako wa huko ambaye sijamjua na utakayemuuliza maswali kumi na tano kwa siku. Kwa wiki tatu nimekuwa nikiipanga asubuhi ya kesho. Mahamri nimeyakanda, mbaazi zipo jikoni, na nilikuwa nimeamua kwamba saa ile kati ya chai na basi itakuwa yangu, tutakaa hapa sitahani wawili tu, na safari hii nitakuuliza maswali mimi.

Nimebadilisha mpango. Yule kijana wa tuktuk wa hapo mtaani atakuwa mlangoni saa kumi na mbili na nusu. Nimemwambia akupeleke Liwatoni. Mahamri nitayafunga, yatoshe watu wawili. Mimi sitakuja. Nikija nitazungumza.

Msumari umo ndani ya bahasha hii, nimeuzungushia kitambaa. Sikuusafisha, alama za vidole vyake bado zimo. Kaa naye mnavyotaka. Akikuita mwanangu, mwitikie kama ulivyokuwa ukimwitikia. Nitakuwa mbali, sitasikia.

Mabegi nitayapeleka mimi kituoni, hata lile la zipu. Usimharakishe mzee, na usitazame saa. Saa tatu ikifika kabla hujafika, nitasimama mbele ya basi nianze kugombana na dereva, na wewe unanijua. Halitaondoka.

Mama